Kununua kaboni ya msitu au kuzima jenereta?

Kampuni iliyopo Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ikitaka kupunguza hewa ukaa, inaweza kununua hati za kaboni, yaani kulipia msitu utunzwe ili ufidie hewa ukaa yake, tuseme misitu ya Bonde la Yaeda wanakoishi Wahadzabe. Kanuni za biashara hiyo zipo tangu 2022, na wanavijiji wanaotunza msitu wanastahili mgao. Lakini moshi wa jenereta unabaki palepale: mama lishe aliye nje ya geti anauvuta huku akigeuza chapati, na cheti cha msitu hakimtibu kikohozi.

Au izime dizeli: sola juu ya paa, malori yatumie gesi asilia. Gesi nayo hutoa kaboni, tusidanganyane, na gharama ya kubadili mfumo asibebeshwe dereva. Ningeanza hapa; kaboni ya msitu inunuliwe kwa kile kilichoshindikana kupunguzwa.