Handbreki ya Hilux imeshika tena, gereji ya Korogwe nawapa nyota 4

Hilux yangu ni Vigo singo kebini, kazi yake kushusha kabichi na viazi toka Lukozi mpaka Mombo, na karibu mwaka mzima handbreki ilikuwa pambo tu, tukisimama Soni pale kwenye mteremko utingo anaruka na jiwe hata gari sijazima.

Fundi wa kwanza (simtaji, na wala hayupo Korogwe) alikaza kebo akachukua 10,000 yake, ikashika siku nne. Nikamrudia, akafungua tairi akatoa shuu (vile vipande vya breki vinavyobana dramu, lile bakuli la chuma nyuma ya tairi, kwa ndani) akaziosha na petroli, akapiga msasa akarudishia. Wiki moja, kwisha.

Nikaelekezwa gereji moja ndogo Korogwe, mzee na vijana wake wawili. Kebo hakuigusa kabisa. Dramu la kushoto likagoma kutoka nikajua hapa sasa nyundo, kumbe lina vitundu viwili vyenye nyuzi, akaingiza bolti mbili za spana 12 anakaza hii kidogo ile kidogo mpaka likajitoa lenyewe. Sasa humo ndani! Oili ya difu imelowesha shuu zote, nyeusi tii. Mzee akasema "mwanangu, ukifunga mpya hivi hivi mwezi ujao unarudi", sili ya ekseli, ile raba inayozuia oili ya difu isivujie kwenye breki, imekufa, na shuu ikishakunywa oili hiyo ya kutupa, maana ukiosha unaosha juu tu, breki ikipata moto iliyobaki ndani inatoka tena. Na hizi Hilux za dramu nyuma shuu za mguu na za handbreki ni zile zile, yaani mi mwaka mzima nashuka zile kona na mzigo huku tairi moja ya nyuma haina breki ya maana. Nilikaa kimya kidogo.

Ekseli ikachomolewa, sili ikawekwa mpya, shuu zikabadilishwa pande zote mbili japo kulia kulikuwa kukavu, ukiweka upande mmoja gari inavuta. Akapaka grisi kidogo sana pale shuu zinaposugua bati, akazungusha adjasta, ile ya kusogeza shuu karibu na dramu, mpaka dramu likaanza kukwaruza kwa mbaali, wakatoa upepo kwenye breki kwa sababu paipu ilifunguliwa, kebo ndo ikaja mwisho kabisa. Anasema ukianza na kebo shuu hazirudi vizuri, breki inajishika njiani na dramu linachemka.

Shuu seti 75,000, sili 15,000, ufundi 50,000. Kwangu hiyo bei iko sawa.

Nyota moja nimeikata, sababu niliingia saa 3 asubuhi nikatoka saa 12 jioni, kijana katumwa dukani mara tatu, mara ya kwanza kaja na shuu za Hilux ya zamani hata hazikai. Halafu vumbi la breki wanalipuliza na kompresa watu wamekaa hapo hapo wanakunywa chai, jamani lile vumbi si la kuvuta, wangefuta na kitambaa chenye maji.

Juzi nimesimama Soni na kabichi full, nikavuta handbreki gari ikatulia tuli, utingo akashuka na jiwe lake vile vile. Mzee kasema nirudi baada ya wiki mbili acheki adjasta, hiyo bure.