Hadithi za Poe kwa sauti: msomaji mzuri, makelele mengi

Nimemaliza kusikiliza mkusanyiko wa hadithi na mashairi ya Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani wa karne ya 19, toleo la sauti la Kiingereza, msomaji mmoja mwanzo mwisho. Huyo msomaji nampa alama zote. Aliyeniudhi ni fundi aliyemwekea muziki na makelele nyuma yake.

Chukua The Tell-Tale Heart, ya mwaka 1843. Muuaji amemkatakata mzee wa watu na kumficha chini ya mbao za sakafu. Polisi wamekuja, na yeye kwa kiburi chake ameweka kiti juu ya maiti kabisa, wanapiga soga. Mara anasikia moyo ukidunda. Unadunda kweli, au umo kichwani mwake tu? Hadithi nzima imesimama hapo, maana polisi wanaendelea kutabasamu kama hawasikii kitu. Sasa hawa watengenezaji wa toleo wametuwekea mdundo, du-du, du-du, unapanda mpaka unammeza msomaji. Basi na mimi nimeusikia! Na kama nimeusikia, wazimu wa huyu bwana uko wapi tena?

The Cask of Amontillado, nashukuru, wameiacha tupu. Montresor anamlewesha Fortunato, anamshusha kwenye mapango ya makaburi ya ukoo wake, anamfunga minyororo, kisha anaanza kujenga ukuta mbele yake, jiwe juu ya jiwe. Msomaji anaisimulia kwa utulivu wa mtu anayekueleza alivyojenga banda la kuku. Mwishoni Montresor anaita, kimya. Anapenyeza mwenge kwenye tundu lililobaki, na kinachorudi ni mlio wa njuga za kofia ya Fortunato, basi. Kipande hicho nimekirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

The Raven ya 1845 nayo inafaa sana kusikilizwa. Sisi tuliozoea mashairi ya vina vya kati na vya mwisho hatutaona ugeni: katika beti zake 18, mstari wa kwanza wa kila ubeti unakatika katikati na nusu mbili zinapatana vina. Msomaji anapumua palepale panapotakiwa, hajilizi.

Nyingine hazifai sikio. The Gold-Bug ina ujumbe wa siri ulioandikwa kwa tarakimu na alama. Kutajiwa alama moja moja hakukusaidii kitu, hiyo itafute kwenye karatasi. Tena Jupiter, mtumwa aliyeachwa huru, Poe kamchora kama kichekesho, na msomaji wetu kazidisha chumvi kwenye lafudhi. Niliruka. The Murders in the Rue Morgue, iliyomtangulia Sherlock Holmes kwa zaidi ya miaka 40, inaanza na mhadhara mrefu kuhusu akili ya uchambuzi. Vumilia tu, Dupin, mpelelezi wa hadithi hiyo, anakuja.

Kero ya mwisho: faili zimekatwa kwa dakika, si kwa hadithi. Ile ya nyumba ya Usher inakatika wakati Roderick, mwenye nyumba, anasomewa kitabu usiku wa dhoruba, sauti za kitabuni zikiwa zimeanza kuitikiwa na nyumba yenyewe. Na Poe mwenyewe aliandika mwaka 1846 kwamba kazi isiyosomeka kwa kikao kimoja hupoteza nguvu!

Nyota tatu kati ya tano. Wakitoa toleo lisilo na makelele, nitanunua tena.