Briar: apu ya kuchati hata intaneti ikizimwa

Wadau, hii apu inaitwa Briar, ni ya Android, ya bure kabisa, na kiukweli kila nyumba inatakiwa iwe nayo. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika intaneti ikayumba hapa Tanzania, Kenya na kwingineko, nikaiweka kipindi kile. Halafu 29 Oktoba 2025 siku ya uchaguzi intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, Dar tukapigwa marufuku kutoka nje usiku, WhatsApp kimya, kila mtu anamtafuta ndugu yake. Hapo ndo niliona kazi yake.

Haina haja ya namba ya simu wala bando. Simu inaongea na simu moja kwa moja kwa bluetuthi, au kama mpo kwenye waifai moja inapitia humo hata kama hiyo waifai haina intaneti. Intaneti ikiwepo inapita kwenye Tor, mtandao unaoficha nani anaongea na nani. Meseji zote zimefungwa kwa siri (encryption) mtu mwingine asizisome, na hakuna seva katikati ya kuzimwa. Na kilichotuokoa sisi: mwenye nayo anaweza kumgawia asiye nayo bila mtandao, inawasha hotspoti, mwenzako anaskani QR anaipakua hapohapo. Nusu ya majirani kwenye gorofa letu waliipata hivyo.

Sasa sikilizeni hapa maana wengi wanakwama. Meseji ya mtu na mtu hairuki kupitia simu za wengine, mpaka muwe karibu, na bluetuthi ukiweka ukuta wa zege inafika vyumba viwili vitatu basi. Fungueni Forum, yaani ubao wa meseji wa pamoja ndani ya Briar. Ile kila mwenye nayo akikutana na mwenzake waliyeunganishwa na kushirikishana Forum hiyo, simu zinabadilishana zilichonacho zenyewe. Kwetu dogo anayepandisha ndoo za maji ndo alikuwa posta: mama wa juu kaandika mchana dawa ya presha imebaki ya siku hiyo tu, nani anajua duka la dawa lililofungua, dogo kapita mlangoni na ndoo, simu mfukoni ikaibeba meseji, kashuka, jioni jibu likapanda naye na vidonge juu. Private group (kundi la wachache walioalikwa) haiendi hivyo kirahisi, meseji zinategemea sana aliyeifungua.

Mapungufu yapo tena sio madogo. iPhone hakuna. Voisi hakuna, kupiga simu hakuna, ni maandishi na picha tu, kwa mzee asiyesoma vizuri ni shida. Chaji inakula kwa sababu inakaa macho muda wote, na simu nyingi za bei ya kawaida zinaiua kimyakimya ili kubana betri, ingia setingi uiruhusu. Paswedi ukisahau imetoka hiyo, hakuna kuirudisha. Na usitegemee ikufikishie meseji kwa mama yuko Mwanza wakati intaneti imezimwa, haiwezi.

Wenye iPhone kuna Bitchat ya Jack Dorsey iliyotoka Julai 2025, yenyewe meseji inaruka simu hadi simu, ila bado changa. Bridgefy, apu nyingine ya aina hii, mimi siigusi kwa mambo nyeti, watafiti waliikuta na matundu makubwa ya usalama 2020.

Nyota 4 kati ya 5. Ipo Play Store na F-Droid (duka la apu huria za bure). Muunganishwe mkiwa mmekaa pamoja, kila mmoja anaskani QR ya mwenzake, dakika chache tu, na mfanye sasa hivi bando likiwepo.