Mzunguko juu ya Ziwa Oeschinen, Uswisi: jasho kidogo, mandhari tele

Kutoka kijiji cha Kandersteg panda gari la kebo, kisha usifuate umati unaoteremka moja kwa moja ziwani (mita 1,578). Shika njia ya Heuberg, yenye alama nyeupe-nyekundu-nyeupe, uendelee hadi malisho ya Oberbärgli, kisha ushuke kupitia Unterbärgli hadi ziwani. Mzunguko ni kama kilomita 8. Tenga saa 3 hadi 4. Muda ulioandikwa kwenye vibao vya njano hauhesabu mapumziko.

Baada ya Heuberg njia inakuwa nyembamba, genge likiwa mkono wa kulia na ziwa la samawati chini kabisa. Hapo ndipo penye utamu wote, na ndipo mwenye kizunguzungu atajuta. Kipande kigumu kuliko vyote ni mteremko wa Oberbärgli kwenda Unterbärgli: ngazi za mawe, zikilowa zinateleza kama sabuni. Viatu vya soli iliyochakaa viache nyumbani. Fimbo mbili zitaokoa magoti. Mwezi Juni theluji huweza kubaki kwenye vijito.

Upande wa kusini usiusogelee: mlima wa Spitze Stei unamomonyoka, na njia zilizo chini yake zimefungwa. Angalia pia saa ya gari la kebo la mwisho, la sivyo utashuka kwa miguu hadi kijijini.