Risasi za Bunduki ya Wenzo: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Iachwe

Msasi wa Unguja au Pemba mwenye leseni ya bunduki ya wenzo, ile inayokokiwa kwa kushusha na kurudisha mkono wa chuma unaozunguka kifyatulio, akifika dukani huuliza kwanza bei, kisha nguvu. Kwa maoni yangu, la kuanza kutazamwa ni ncha. Katika bunduki nyingi za aina hii, kama vile Winchester ya mwaka 1894 iliyobuniwa na John Browning na Marlin 336 iliyotoka mwaka 1948, risasi hulala foleni ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, ncha ya moja ikielekea fataki ya nyenzake iliyo mbele, yaani kile kikombe kidogo kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti kikigongwa. Ncha ikiwa kali, teke la bunduki linaweza kuipigiza kwenye fataki hiyo na kulipua risasi ndani ya bomba, pale pale mkono wa mpigaji uliposhika.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa risasi ya kiwandani yenye ncha bapa. Kwa kipimo cha risasi kiitwacho .30-30, kilichoingia sokoni mwaka 1895, vichwa (kile kipande kinachoruka na kumpiga mnyama) vya grein 150 na 170, yaani gramu 9.7 na 11 hivi, vinamtosha anayevuka kwenda bara kuwinda kwa kibali wanyama wa kiasi cha swala, alimradi asipige mbali.

Ya pili ni ile ya kampuni ya Hornady iitwayo LEVERevolution, ambayo ncha yake imechongoka lakini ni laini na hubonyea, kwa hivyo haihatarishi fataki. Huenda mbali zaidi bila kushuka sana. Naiweka ya pili kwa sababu ya gharama tu.

Ya tatu ni risasi iliyojazwa kwa mkono, na hapa naomba msomaji atulie. Kazi hii imeshamiri Marekani: ganda lililokwisha kupigwa hutiwa fataki mpya, baruti iliyopimwa na kichwa kipya, na mjazaji hodari hupata risasi inayoipenda bunduki yake kuliko yoyote ya dukani. Lakini iliyoipenda bunduki yake si lazima iipende yako. Usiipokee bila karatasi inayotaja aina ya baruti, uzito wake na tarehe ya kujazwa, wala usiipokee kwa mtu asiye na ruhusa ya kisheria.

Ukishaipata, ijaribu uwanja wa shabaha, mtutu ukielekea kwenye kilima cha udongo. Pima urefu kwanza, maana .30-30 nzima haitakiwi kupita milimita 64.8. Kisha tazama mdomo wa ganda kama umekibana kichwa barabara, kwa kuwa springi ya bomba pamoja na teke la bunduki hukisukuma kichwa ndani, na kichwa kilichozama hupandisha shinikizo. Halafu zipitishe zote kwa wenzo, kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Wenzo hauna nguvu ya kuisukuma risasi ndani kama komeo la bunduki nyengine, hivyo ganda lililotanuka lilipopigwa mwanzo, na halikurudishwa kwenye kipimo chake kamili, hukwama nusu ya njia, na mnyama hamngoji mtu. Mwisho piga moja moja, ukikagua kila ganda linalotoka. Fataki ikiwa imebapa kupita kawaida, au wenzo ukiwa mzito kufunguka, acha hapo hapo.

Liko jambo ambalo watu wa nchi za baridi hawalihisi kama sisi. Baruti nyingi huongeza shinikizo kadiri joto linavyopanda, na risasi iliyojaribiwa huko wakati wa theluji inaweza kuwa kali mno katika jua la kaskazi la mwezi wa Februari, hasa ikisahauliwa ndani ya gari. Chumvi ya bahari nayo hula shaba ya ganda. Lenye ukungu wa kijani lisiingie kwenye bunduki.

Risasi yenye ncha kali ngumu inafaa kwa Browning BLR au Savage 99, ambazo nazo ni za wenzo lakini hazipangi risasi ndani ya bomba. Kwa mwenye bunduki ya bomba haina nafasi yoyote, hata muuzaji akiipunguza bei nusu.