Triphala na samli kwa kinyama cha jicho: nimetumia, nawapa uzoefu wangu

Naendesha bodaboda Mbeya mwaka wa sita sasa, sana sana Mwanjelwa–Uyole. Kiangazi cha huku wenyeji mnakijua: upepo, malori ya Tunduma, na vumbi lote makao yake ni machoni. Kofia yangu ilishavunjika kioo zamani, nikawa naahirisha tu kununua nyingine. Mwaka jana jicho la kulia likaanza kuwasha kila jioni. Siku moja najitazama kwenye saiti mira, nakuta kinyama cha waridi upande wa pua, kimechongoka, ncha yake inaelekea kwenye mboni. Kijiweni wakanipa jibu hapo hapo: mtoto wa jicho. Siyo. Mtoto wa jicho yuko ndani, kwenye lenzi. Hiki kilikuwa juu juu, na vimishipa vyake unavihesabu.

Shemeji akaniunganisha na muuzaji wa dawa za Ayurveda, tiba ya asili ya India, aliyeko Dar. "Kaka, siku 40 tu kinayeyuka chote." Nikatuma 65,000, mzigo ukaja na basi: kopo la unga wa triphala na kichupa cha samli.

Triphala ni matunda matatu ya India, amalaki, haritaki na bibhitaki, yaliyokaushwa na kusagwa. Maelekezo yalikuwa kuloweka kijiko usiku, asubuhi unachuja na kuosha macho. Nilichujia leso. Maji yanatoka na rangi ya chai ya rangi, na kwa baridi ya Juni unayamwagia jichoni huku meno yanagongana. Jicho linakaza kama mdomo uliotafuna ndizi mbichi. Wiki ya kwanza nikajiona mjanja. Siku ya tisa niliamka kope zimegandana kwa tongotongo, jicho jekundu kama pilipili. Nilipoyamulika yale maji kwa tochi ya simu, chembe za unga zilikuwa zinaelea, leso haikuzizuia. Nikampigia muuzaji. Eti hiyo ni sumu inatoka!

Samli ni habari nyingine. Wao wanaiita netra tarpana: unalala chali, unazungushiwa ukuta wa unga uliokandwa kuzunguka jicho, samli vuguvugu inamiminwa humo, unafumba na kufumbua. Mke wangu alinikandia wa ngano, akacheka mpaka akamwaga nusu. Baada ya hapo naona ukungu kwa muda, pikipiki siwezi kugusa. Ila muwasho ulipungua siku mbili tatu, sikatai. Kinyama chenyewe? Kipo pale pale.

Mwishowe nikaenda kwa daktari wa macho. Akanipa dawa ya maambukizi, akaniambia kinaitwa pterijiamu, na kinachokilea ni jua, upepo na vumbi. Changu bado ni kidogo: matone ya kulainisha jicho, miwani ya jua, na kukiangalia. Kikiisogelea mboni kitakatwa, na pale kilipotoka patapandikizwa kipande cha utando wa jicho hilo hilo, maana kikikatwa pakaachwa wazi hurudi mara nyingi.

Kilichoniudhi zaidi nilikijua baadaye. Sushruta, tabibu wa kale wa India ambaye watu wa Ayurveda wanamtegemea, alikijua kinyama hiki na alikiita arma. Kikiwa kinene, alielekeza kukata: jicho linachokozwa kwa chumvi kilegee, kinanaswa kwa ndoano, kisu kinapita. Sasa huyu wa Dar kuyeyusha alikusoma wapi?

Nampa nyota mbili kati ya tano. Moja ya samli, ingawa nyumbani sirudii, kwa usafi ule wa jikoni kwetu nilibahatika. Nyingine ya unga, ila siyo kwa jicho. Kopo lilibaki nusu, nakunywa kijiko na maji ya moto kabla ya kulala. Choo kila asubuhi, bila kusukuma. Na kofia nimenunua, ina kioo.