Buti za mlimani kwa wanawake: bonyeza soli kabla ya kuuliza bei

Buti zangu za kwanza za kupandia mlima zilikufa siku ya pili ya safari, katika njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro, kati ya kambi ya Mandara iliyo kwenye mita 2,720 na ile ya Horombo iliyo kwenye mita 3,720, pale ambapo msitu umekwisha na vichaka vifupi vimeanza. Nilizinunua kwa shilingi 85,000 katika kibanda kimoja cha mitumba mjini Moshi, nikaziacha nyingine zote kwa sababu hizi zilionekana hazijawahi kuvaliwa: ngozi haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, meno ya soli yalikuwa bado makali, na kikaratasi cha kiwandani kilikuwa kinaning'inia kwenye tundu la kamba. Kwanza nilihisi kisigino cha kulia kinazama kana kwamba nimekanyaga matope, na nilipoinua mguu soli ilibaki nyuma. Palipokuwa pameshikana palijaa chengachenga za kijivu zilizopukutika mkononi kama andazi la juzi. Mwongozaji wetu hakushangaa. "Dada, hizi zilikaa kabatini," alisema, akatoa tepu mkobani, akaizungushia buti mara nyingi, kisha akaitazama ya kushoto na kuifunga nayo kabla haijabanduka.

Tangu siku hiyo nimenunua buti mara tatu na kuwasaidia wanawake wenzangu kununua mara nyingi zaidi, na ninachokiona ni kwamba sote tunatazama mambo yaleyale: uzito, rangi, kama maji yanaingia au hayaingii. Hayo sitayajadili, kwa kuwa muuzaji yeyote atakueleza bila kuombwa. Nitazungumzia kitu ambacho hataki ukitazame, nacho ni soli ya kati.

Buti ya mlimani ina soli mbili. Ya chini ni mpira mgumu wenye meno, na juu yake, chini kabisa ya unyayo, kuna tabaka la povu linalomeza mshindo wa kila hatua. Povu hilo mara nyingi hutengenezwa kwa poliyurethini au kwa EVA, aina mbili za plastiki. Poliyurethini ni nyororo na huhimili mizigo kwa muda mrefu bila kubonyea, lakini ina adui mmoja, yaani unyevu wa hewa, ambao huivunjavunja kutoka ndani polepole, hata kama kiatu hakijawahi kukanyaga ardhi. Kwa kawaida uhai wake ni kati ya miaka 5 na 10. Kinachowashangaza wengi ni kwamba buti inayovaliwa mara kwa mara hudumu kuliko ile iliyofungiwa ndani ya boksi, kwa sababu kila hatua hulikamua povu na kulipitishia hewa. Kwa hiyo ile buti inayong'aa mezani, iliyokaa miaka kumi na miwili kwenye kabati la mtu huko Ulaya kabla ya kutiwa kwenye belo, ndiyo ya kuogopwa kuliko iliyochakaa kwa haki. EVA haiozi kwa unyevu. Hasara yake ni kubonyea kidogokidogo hadi unahisi kila jiwe.

Basi ukiishika buti, kandamiza povu la pembeni kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote, hasa karibu na kisigino. Povu zima hurudi mara moja, lakini lililooza hubaki na alama ya kidole, au hunata, au hutoa unga. Kisha ikunje buti katikati na utazame mikunjo: mipasuko myembamba kama nywele inatosha kukufanya uirudishe mezani. Ukiwa na muda, fungua ulimi wa kiatu na usome lebo iliyoshonwa ndani, kwa kuwa viwanda vingi huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Mimi nikikuta lebo imekatwa kwa mkasi huondoka bila kuuliza bei.

Sasa nije kwenye chaguo langu, nami sitajifanya sina upande. Ninazipenda Lowa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1923 katika kijiji cha Jetzendorf huko Bavaria, Ujerumani, na hasa modeli ya Renegade GTX Mid yenye herufi Ws kwenye jina, ambazo ndizo zinazoonyesha kwamba imetengenezwa kwa kalibu ya mguu wa mwanamke. Kisigino chake ni chembamba, hivyo mguu hautelezi mbele wakati wa kuteremka, na mlimani materemko ndiyo yanayong'oa kucha: anayetoka Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kwa njia ya Mweka huporomoka zaidi ya mita 4,000 hadi langoni. Nakiri kwamba soli yake ya kati ni ya poliyurethini ileile niliyoilaani hapo juu. Ndiyo maana mimi huinunua Renegade ikiwa mpya na yenye tarehe inayosomeka, kwa zaidi ya dola 200 za Marekani, na sijawahi kumshauri mtu ainunue ya mtumba bila kuikandamiza kwanza.

Ya pili ni Salomon Quest 4 ya wanawake. Soli yake ya kati ni ya EVA, na shingo yake ndefu hukishika vizuri kifundo cha mguu, jambo ambalo anayebeba mzigo wake mwenyewe kwenye Mlima Meru atalishukuru. Ni nzito, na kwa matembezi ya siku moja utaiona mzigo. Ya tatu ni Merrell Moab 3 Mid, nayo ina EVA, ni pana mbele, na huuzoea mguu tangu siku ya kwanza, lakini sehemu zake za kitambaa cha wavu huchanika mapema kuliko ngozi. Ninaipendekeza kwa Usambara, Udzungwa au vilima vya Ngong. Mwenye mguu mpana sana ajaribu Keen Targhee kabla ya kukata tamaa.

Wauzaji wana namna zao. Ukiuliza umri wa buti, watakuonyesha kile kinembo cha njano cha Vibram na kusema ni orijino, wala hawadanganyi, ila Vibram hiyo ni mpira wa chini tu, ambao hubanduka ukiwa mzima kabisa pale povu la juu yake linapooza. Nimewahi kukuta povu limepakwa rangi nyeusi ya viatu ili mipasuko isionekane. Na ukiomba ya kike, unaletewa buti ndogo ya kiume, unaambiwa ni ya jinsia zote, halafu kisigino kinachezacheza ndani mithili ya mchi kwenye kinu; ukilalamika, unashauriwa uvae soksi mbili. Za kike za kweli zikipatikana, bei hupanda eti kwa sababu ni adimu. Madukani hali si bora sana, kwani juu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 unaweza kuuziwa buti iliyokaa rafuni miaka minne, na hakuna punguzo kwa miaka hiyo iliyokwisha kuliwa.

Za bei ya chini kabisa, zile za ngozi bandia zilizobandikwa kwa gundi tu, zinafaa kwa shamba na kwa mvua za masika mjini. Za kukodi huko Moshi na Arusha ni sawa kwa safari moja, mradi uzikandamize kama nilivyoeleza na uombe jozi nyingine bila haya.

Zile zangu za Marangu nilizipeleka kwa fundi, nikidhani zitabandikwa upya. Alichokonoa povu kwa bisibisi, likamwagika chini kama pumba. "Mama, hapa gundi itashika nini?" aliuliza. Angeweza kulitoa lote na kuweka jipya, lakini gharama ilikaribia bei niliyozinunulia, kwa hiyo nikamwachia ngozi, akaikata makubadhi. Lowa ninazozivaa sasa hazikai ndani ya boksi wala mfuko wa plastiki. Ziko kibarazani penye upepo, na kila wiki ninazivaa kwenda nazo sokoni, majirani wakiniuliza kama leo ninapanda mlima gani.